Kikosi Kimeshavunjwa

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwanajeshi kwa miaka ishirini na mitatu. Alistaafu akiwa sajenti, akarudi kujenga Kasulu, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye ua wa michongoma aliyoikata mwenyewe hadi ikanyooka kama gwaride. Wengine wakistaafu wanashika ng'ombe, wengine wanashika dini. Yeye alishika wazo. Alitaka majeshi yote ya nchi hii yaunganishwe: wa mabaka, wa khaki, wa magereza, wa mipakani, wa zimamoto, mpaka mgambo wa kata. Yawe jeshi moja, lenye mkuu mmoja, sare moja na redio moja.

Mwaka 2012, watu walipokuja kukusanya maoni ya wananchi kuhusu katiba, alisimama kwenye mkutano akiwa ameshika daftari. Nami nilikuwepo. Nilikuwa nimetoka Kibondo kufuata nyuzi na zipu kwa mfanyabiashara mmoja wa Kasulu, nikapitia mkutanoni kwa sababu kaka alikuwa ameniambia wiki nzima kwamba nisikose. Waliomtangulia walizungumzia maji, mbolea, na madaraka ya rais. Kaka alipoanza kusema kuhusu majeshi, watu wakaguna. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu anataka kurudi kazini."

Kaka hakujali. Alisimulia kisa ambacho sisi nyumbani tulikuwa tunakijua kwa moyo. Alipokuwa bado kazini, kwenye kambi ya mbali, lori lilipinduka likiwa na watu. Palikuwa na magari matatu ya serikali, ya vikosi vitatu tofauti. La kwanza lilikuwa na redio lakini halikuwa na mafuta. La pili lilikuwa na mafuta, ila dereva hakuweza kuliondoa bila amri ya mkubwa wake, na mkubwa wake hakupatikana. La tatu lilikuwa zima, lakini waliokuwemo walisema kubeba majeruhi si kazi yao. Rafiki yake, waliyeanza naye mafunzo siku moja, alifia kwenye majani kando ya barabara huku magari yote matatu yakimtazama.

"Wangekuwa chini ya mtu mmoja," kaka alisema, "mtu mmoja angesema: mbebeni. Basi."

Mwandishi wa mkutano aliandika. Nilimpigia kaka makofi, nikaangalia huku na huku kuona nani mwingine anapiga. Ninaandika hili mapema ili nisije nikajifanya kwamba tangu mwanzo nilikuwa na akili kuliko yeye. Nilimpigia makofi kwa sababu nilidhani ana haki.

Mimi nilikuwa fundi cherehani Kibondo mjini. Nilikaa barazani pa duka la Mwislamu mmoja aliyekuwa na asili ya pwani, mtu mpole aliyeniruhusu kuingiza cherehani yangu dukani kila jioni. Nilishona magauni ya harusi na sare za shule, lakini kazi iliyonilisha ilikuwa ya kurekebisha nguo za watumishi. Serikali hutoa sare bila kumpima mtu. Anapewa suruali ya jitu, anakuja kwangu nipunguze. Nilikuwa nakijua kiuno cha karibu kila mwenye sare Kibondo. Kitambaa cha khaki kinavunja sindano. Cha magereza kinachuja. Cha mgambo kinachanika kwenye kwapa kabla ya mwezi kwisha. Sare za mabaka tu ndizo sikuzigusa, maana wenyewe wana mafundi wao. Wateja wangu waliniita "dada fundi", na walinisalimu hata sokoni.

Mama yetu alikaa Murungu. Alilima maharage, mihogo na migomba, na alikuwa hajakanyaga darasa hata siku moja. Kiswahili chake kilikuwa cha kuulizia bei na kusalimia wageni. Mambo yote ya maana aliyasema kwa Kiha. Alizaliwa upande wa Kasulu, akaolewa Kibondo, na kwa maisha yake yote dunia ilikuwa hizo wilaya mbili na barabara ya vumbi inayoziunganisha.

Mwaka 2013 ikatangazwa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu. Gari la spika lilipita mtaani: asiye na kibali aondoke mwenyewe kabla hajaondolewa. Mwanzoni sikuona inatuhusu. Halafu nikaanza kuona watu sokoni wanasalimiana kwa Kiswahili. Sisi Waha ni watu wa salamu ndefu. Mtu anapiga makofi, anasema mwakeye, anakuulizia wa kwako mmoja mmoja mpaka kuku. Wiki ile watu walisema "mambo" na kupita. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana kama ndugu, na asiyezijua hawezi kuzitofautisha. Wengi wa wenye sare walikuwa wametoka mikoa mingine.

Mama alikuja Kibondo akakaa kwangu siku mbili, kisha akasema anakwenda Kasulu kumwona mke wa kaka aliyekuwa amejifungua. Nilimpandisha basi asubuhi. Nilimfungia maharage kwenye kiroba na nikamwomba kondakta amwangalie. Kadi yake ya kupigia kura ilikuwa imeliwa na mchwa muda mrefu, pamoja na kona ya sanduku. Sikuwaza juu ya hilo hata kidogo. Nani anabeba kadi ya kura kwenda kuona mtoto?

Kabla ya saa nne kondakta alinipigia simu.

"Dada fundi, mama yako wamemshusha kizuizini. Wamesema ni Mrundi."

"Nani wamemshusha?"

"Wote," alisema.

Hilo neno ndilo lilinisumbua baadaye, lakini wakati ule sikulisikia vizuri. Niliacha gauni la mtu kwenye cherehani, sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa, nikapanda pikipiki.

Kizuizi kilikuwa mbele ya Busunzu, kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti. Nilipofika nilikuta mgambo wawili tu. Mmoja nilimjua, mwezi ule ule nilikuwa nimemshonea kwapa. Aliponiona akatazama chini.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Wameondoka nao, dada. Wamejaza gari."

"Wamekwenda wapi?"

"Sisi tunafungua kamba na kufunga kamba. Hatuambiwi."

"Mama yangu unamjua! Amekaa barazani kwangu, umemwamkia!"

"Nilimjua," alisema kwa sauti ndogo. "Niliwaambia. Wakasema mgambo anyamaze."

Ni yeye aliyenisimulia yaliyotokea. Walimwuliza mama amezaliwa wapi, akataja kijiji chake. Wakamwuliza wilaya gani, akasema Kasulu. Mwenye karatasi akatafuta, akasema kijiji hicho hakimo Kasulu. Ni kweli hakikuwemo. Wilaya ilikuwa imegawanywa si muda mrefu, na kijiji alichozaliwa mama kikaangukia wilaya mpya. Hakuna aliyekuja Murungu kumweleza ajuza kwamba mahali alipozaliwa pamehamishwa. Wakamwambia aimbe wimbo wa taifa. Mama aliimba wimbo wa kanisani, kwa sababu alisikia "imba" na hakuelewa mengine. Watu wakacheka. Wakamshusha, na kiroba chake cha maharage kikaendelea na safari ya Kasulu.

Nilirudi Kibondo nikiwa nimejaa vumbi mpaka kwenye meno, nikaenda kituoni kwa wenye khaki. Aliyekuwa kaunta alikuwa mteja wangu. Suruali aliyokuwa ameivaa siku ile nilikuwa nimeipunguza mimi.

"Dada fundi, karibu," alisema, kama nimekuja kuchukua kipimo.

Nilimweleza. Akafungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole, akakifunga.

"Hapa hatuna mtu huyo."

"Watu wenu walikuwepo kizuizini."

"Walikuwepo, lakini si kwa kazi yetu. Wale wameazimwa. Wako kwenye operesheni."

"Operesheni ni nani?"

Alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma yake ndiyo iliyonifanya nitake kumvuta kola. "Operesheni ni operesheni, dada. Ni kikosi cha pamoja. Nenda kwa wale wa vibali."

Nikaenda kwa wale wa vibali. Kijana mmoja msafi, mwenye mashine ya kutolea nakala nyuma yake, aliniambia wao wanahoji tu na kuandika. Kushika watu si kazi yao, kuwatunza si kazi yao. Wanaotunza ni wa khaki. Nikamwambia nimetoka kwa wa khaki. Akasema basi ni wa mabaka, kwa sababu wao ndio wenye magari. Aliniuliza kama nina cheti cha kuzaliwa cha mama. Nikamwuliza kama yeye ana cha bibi yake. Akasema nisimletee ujeuri ofisini.

Kesho yake kaka alifika kutoka Kasulu. Alikuwa amevaa koti lake la suti na kuweka kitambulisho cha mstaafu kwenye mfuko wa juu. Nilipomwona nilipumua kwa mara ya kwanza. Nilisema moyoni, sasa wameletewa mtu wao.

Watu wa mabaka walikuwa wamepiga mahema kwenye uwanja wa mpira wa shule moja, pembezoni mwa mji. Madarasa mawili ya mwisho na stoo yalikuwa yamefungwa kwa makufuli mapya. Kwenye lango kaka alitoa kitambulisho, akasimama wima, akataja namba yake ya jeshi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani. Mlinzi akamkazia mguu na kumpigia saluti. Akaitwa ndani. Mimi nikaambiwa nisubiri nje.

Nilisimama juani. Kutoka langoni niliwaona wamemkalisha kwenye kiti cha kukunja chini ya turubai. Wakamletea chai kwenye kikombe cha bati. Wakazungumza. Nadhani waligundua kwamba mkubwa wao mmoja aliwahi kuwa chini ya kaka mafunzoni, kwa sababu ghafla kaka alicheka, kicheko chake kile kikubwa kinachoanzia tumboni, ambacho tangu utotoni tulikuwa tunakisikia akiwa bado bondeni anapanda kurudi nyumbani. Alikunywa kikombe chote. Akaongezewa.

Alipotoka alikuwa anapangusa mdomo.

"Wamesema hawana mahabusu. Wao ni walinzi na usafiri tu. Wanaopokea watu ni wa khaki."

"Umekunywa chai yao."

"Huwezi kupata habari kwa watu kwa kuwatukana, mdogo wangu."

"Haya, umepata habari gani?"

Akaanza kuondoka. Nikamfuata mpaka barabarani. Halafu akasema maneno ambayo sijamsamehe: "Unaona sasa? Hili ndilo nililosema kwenye mkutano. Kama wangekuwa jeshi moja, tungejua pa kugonga."

Nilisimama. Nilimwambia mama yetu hajulikani aliko, na yeye anatafuta ushindi wa mdahalo. Watu waliokuwa wanapita waligeuka. Sikujali.

Siku ya tatu tulikwenda ofisi kubwa ya wilaya. Karani aliyetusikiliza alisema jambo letu lina njia yake. Tuandike barua, ipite kwa mtendaji wa kijiji, ipite kwa wa kata, kisha isainiwe na wawakilishi wa vikosi vyote vinne vilivyomo kwenye operesheni. Kaka akatoa kalamu. Naapa, alikaa kwenye benchi akaanza kuandika, kwa mwandiko mzuri, huku akiacha nafasi nne za sahihi chini.

Siku ya tano simu yangu ililia. Namba ilikuwa ya nchi nyingine. Mwanaume aliongea Kirundi, taratibu, ili nimsikie. Alisema mkewe alikwenda kuchota maji akakuta kundi la watu wamekaa kando ya barabara, wameteremshwa upande wao wa mpaka, na kati yao palikuwa na kikongwe anayelia akisema yeye ni wa Murungu. Wamempa kitanda. Hali chakula, ila anakunywa uji. Namba yangu ilikuwa imeandikwa kwa uzi mweusi kwenye pindo la kitenge chake. Ndivyo nilivyomwekea, kwa kuwa alikuwa anapoteza kila karatasi.

Nilikaa chini sakafuni. Mwenye duka alitoka akafunga mlango wa mbele, wateja wakiwa nje, akaniletea maji.

Kaka alisema tusubiri sahihi. Mbili zilikuwa zimepatikana. Alisema mama arudishwe kwa utaratibu, apokelewe rasmi, na waliomtoa wakiri kwa maandishi. La sivyo watamshika tena. Sitasema alikuwa mjinga. Nilimwambia abaki na karatasi zake, mimi nakwenda kumchukua mama.

Jumapili ilikuwa siku ya soko Mabamba, karibu na mpaka. Siku hiyo Warundi wanavuka na ndizi, mafuta ya mawese na vikapu, wa kwetu wanavuka na chumvi, sabuni na dagaa. Nilimpigia yule mwanaume, tukapanga. Nikasimama mahali njia inapopanda kutoka mtoni, nikiwa na roho mkononi, nikiwatazama wanawake wanaokuja mstari mmoja. Palikuwa na wenye sare wawili wameegemea gari lao, wanakula mahindi ya kuchoma.

Mama alitokea katikati ya mstari. Kichwani alikuwa na mkungu mdogo wa ndizi, mgongoni hana kitu, miguuni hana viatu. Mbele yake alitembea yule mwanamke aliyemlaza. Walipita kwa wale wawili. Mmoja alitema ganda la hindi pembeni, akavuta mguu wake mama apite. Hakumwuliza amezaliwa wapi. Hakumwuliza wimbo.

Vikosi vinne, magari, redio, karatasi na mihuri vilitumika kumtoa mama yangu kwenye nchi yake. Kurudi, ulitosha mkungu wa ndizi kichwani.

Sikumkumbatia pale, niliogopa. Nilitembea nyuma yake kama simjui mpaka tukafika kwenye vibanda vya soko. Ndipo nilipomshika, nikaona amekuwa mwepesi. Yule mwanamke nilimpa kitenge nilichokuwa nimejifunga, sikuwa na kingine. Alikataa, nikamfunga kwa nguvu. Akacheka, akasema kwa lugha yake kwamba wanawake wa kwetu ni wagomvi.

Mama alikaa kwangu wiki tatu. Mwanzoni hakutaka kusema kitu. Siku moja mchana, nikiwa napinda pindo, alianza mwenyewe.

"Walitufungia kwenye stoo. Yenye madawati mabovu. Siku ya pili tukiwa mle nilimsikia kaka yako."

Nilinyanyua mguu kwenye cherehani.

"Alikuwa anacheka," mama alisema. "Nikasema, mwanangu amekuja, ameshanipata, ndiyo maana anacheka. Nikagonga mlango. Nikamwita. Wenzangu wakanisaidia kuita. Halafu kikawa kimya. Jioni ndiyo tukapakiwa garini."

Aliniambia kwa Kiha: hilo likae kwako, kaka yako asilijue. Nikamwahidi.

Kaka hakuacha. Aliandika malalamiko, nakala nne, kila moja kwa kikosi chake. Ilichukua miezi. Wa kwanza wakajibu kwamba wameyapeleka kwa wa pili. Wa pili wakasema wanaohusika ni wa tatu. Wa nne hawakujibu. Mwaka 2014 ikaja barua moja yenye muhuri safi, ya mistari michache. Ilisema shughuli iliyotajwa ilitekelezwa na kikosi cha pamoja, na kwamba kikosi hicho kimeshavunjwa, hivyo hakuna mamlaka ya kujibu kwa niaba yake.

Kaka aliileta Murungu mwenyewe. Tulikuwa uani, mama anapembua maharage, mimi nimekuja kumletea sukari na dawa za miguu. Aliisoma kwa sauti, mara mbili. Kwa kitambo kidogo nilimwonea huruma.

Halafu akaikunja, akasema, "Unaona? Kikosi cha wiki chache kinavunjwa, kila mtu anarudi kwake, jambo linakufa. Ndiyo maana nasema waunganishwe moja kwa moja. Wasiweze kuvunjika."

Damu ilinipanda. Nilimwambia: waliunganishwa, kaka. Umesahau? Kizuizini walikuwa wamoja. Kondakta aliniambia "wote". Kwenye kumshusha mama walikuwa jeshi moja, hakuna aliyesubiri amri ya mkubwa wake, hakuna aliyesema si kazi yangu. Nilipokuja kumwuliza mama yangu ndipo wakawa wanne. Sasa wewe unataka wawe kitu kimoja milele ili iweje? Nani atabaki wa kumwuliza? Hata yule mgambo, yule wa kamba, alisema anamjua mama. Alinyamazishwa kwa sababu alikuwa ndani ya kitu kimoja.

"Wewe hujui jeshi," kaka alisema. "Unajua pindo za suruali. Jeshi moja lina mkubwa mmoja, na mkubwa mmoja anashtakiwa."

"Na huyo mkubwa atakupa chai."

"Usiniletee habari za chai!"

"Mama alikusikia ukicheka," nikasema.

Mama alitupa ungo. Maharage yalimwagika uani. Alisema jina langu la utotoni kwa sauti ya kunizuia, lakini nilikuwa nimeshaanza na sikuweza kusimama. Nilimwambia kaka yote: stoo, madawati, mlango, jinsi mama alivyomwita. Nilimwambia alikuwa hatua labda hamsini kutoka kwake, na kikombe mkononi.

Kaka alitazama mikono yake. Baadaye akainama akaanza kuokota maharage, punje moja moja, mpaka mama akamwambia aache. Akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani, koti begani. Barua aliiacha kwenye kigoda.

"Nilikuambia usimwambie," mama akasema. Ndiyo maneno pekee aliyoniambia siku ile. Usiku sikulala kwake. Nilipanda pikipiki nikarudi Kibondo nikiwa na hasira na kaka, na waandika barua, na mama kwa kumlinda, na mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Hasira ya namna hiyo haina pa kwenda. Inakaa na wewe inakula chakula chako.

Kaka hakuja Kibondo kwa zaidi ya mwaka. Nilisikia kwa shemeji kwamba lile daftari la mkutano wa katiba alilichoma pamoja na majani ya uani. Siku hizi, akiwepo mtu anayezungumzia majeshi, anainuka kwenda kuangalia michongoma yake. Nilipaswa kufurahi, lakini sikufurahi. Kaka aliyenyamaza ni mzito kuliko kaka aliyebishana.

Mimi niliacha kushona sare kwa miezi kadhaa. Mtu akileta khaki namwambia mashine ni mbovu. Mwenye duka alinisikia nikisema hivyo huku cherehani inalia, akatikisa kichwa, hakuniingilia. Kisha mwaka 2015 Warundi wakaanza kukimbia kwao, kambi ya Nduta ikafunguliwa tena, na Kibondo ikajaa sare kuliko wakati wowote. Za kila rangi, za kwetu na za mashirika. Wote suruali ndefu. Nikaanza tena kupunguza. Nilifanya kazi hiyo bila kuzungumza. Walioniita dada fundi niliwajibu kwa kipimo cha kiuno tu.

Mwaka huo huo ikaja pia kazi ya kuandikisha wapiga kura kwa mashine, kwa alama za vidole. Nilimpeleka mama siku ya kwanza, kwenye shule ya msingi ya huko kwao. Foleni ilikuwa ndefu tangu alfajiri. Tulipofika mezani, msichana mdogo, labda ndiyo ajira yake ya kwanza, akamshika mama kidole akakikandamiza kwenye kioo. Mashine ikakataa. Akajaribu kingine. Ikakataa. Vidole vya mama vimeliwa na mpini wa jembe miaka hamsini. Mistari yote imefutika, ngozi imekuwa kama mgongo wa kijiko.

"Bibi, kanawe mikono," msichana alisema.

Akanawa. Ikakataa.

"Ya huyu haisomi," msichana akamwambia mwenzake.

Nilipiga meza. Nilisikia sauti yangu kabla sijajua nimeamua kusema. Nilimwambia huyu anaitwa mama yangu, haitwi huyu, na kama mashine haisomi basi mashine ndiyo mgeni hapa, si yeye. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Msichana alirudi nyuma na kiti chake, macho yamejaa machozi. Hakuwa amefanya kosa lolote. Alikuwa hata hana sare, alikuwa na kitambulisho cha karatasi kifuani, kimefungwa kwa pini ya nepi.

Mama alinivuta mkono. "Mwache," alisema kwa Kiha. "Ananishika vizuri." Kisha akamrudishia yule msichana mkono wake, vidole vyote vitano vimefunguliwa.

Walijaribu tena kwa mafuta kidogo ya kupaka yaliyotoka kwenye mkoba wa mwanamke mwingine kwenye foleni. Kidole gumba cha kushoto kikasoma. Kadi ikatoka ikiwa na joto, na picha ya mama amekunja uso. Aliishika kwa ncha za vidole, akaipuliza kama inaunguza, akaifunga kwenye kona ya kitenge kwa mafundo mawili.

Yule msichana sikumwomba radhi. Nilikusudia, lakini mtu aliyefuata alikuwa ameshakaa kwenye kiti, na mama alikuwa anataka kwenda nyumbani.